Umemjengea Nani?

Tangu Jumapili kuna swali moja la Mjomba ambalo halijanitoka masikioni, nami nimeona heri niliandike hapa, huenda nikapata usingizi.

"Baiskeli hii umemjengea nani?"

Hakuuliza kwa ukali, wala hakukuwa na kebehi katika sauti yake. Alikuwa amechutama kando ya gurudumu la nyuma, mkono wa kushoto ukiwa juu ya tandiko na wa kulia ukizungusha pedali kinyumenyume polepole, kama afanyavyo kila anapotaka kuusikiliza mnyororo. Nikamjibu, "Nimejijengea mwenyewe, Mjomba." Akanyamaza kidogo, akainuka, akauwekea usukani kiganja cha mkono, kisha akasema, "Aa." Baada ya hapo alinirudishia spana yangu, akaomba maji ya kunywa, na mazungumzo yakahamia kwenye magoti ya mkewe.

Wiki hii nimehamishiwa idara nyingine kazini, mume wangu amerudi kutoka safari ya mwezi mzima, na kitinda mimba wetu ameng'oka jino la kwanza. Yote hayo nimeyapokea kwa mikono miwili. Hata hivyo, kila ninapobaki peke yangu, ninajikuta nimerudi pale uani, nikiitazama ile mikono yake ikizungusha pedali, na nikijaribu kuamua kama ile "Aa" ilikuwa ya mtu aliyeridhika, aliyesikitika, au aliyeona jambo na kuamua kulimeza.

Waliokuwa nami tangu mwanzo wa mwaka wanajua nilivyoihangaikia kazi hii. Fremu ni ile ile yangu ya chuma ya saiklokrosi, yaani mbio fupi za baiskeli katika matope na vikwazo, niliyoinunua mwaka 2013, miaka mitatu baada ya shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli kuruhusu breki za diski katika mashindano ya saiklokrosi. Kwa hiyo ina masikio ya kufungia kalipa, kile kibanio cha breki ya diski, lakini nyuma bado ina upana wa milimita 135 na ekseli ya kufyatua kwa mkono, kabla ya ekseli nene za milimita 12 kuenea kila mahali. Ilitengenezwa kwa ajili ya mbio za karibu saa moja. Tairi zake, kwa kanuni, hazikuruhusiwa kuzidi milimita 33. Nyaya zake hupita juu ya bomba la juu ili baiskeli ibebeke begani bila kumkwaruza mtu, na haikuwekewa nafasi ya kutosha ya chupa za maji kwa kuwa katika saa moja ya matope hakuna anayepata wasaa wa kunywa. Nilitaka kuifanya baiskeli ya graveli, ya kutembea siku nzima katika barabara za changarawe na vumbi, na nilitaka kuifanya kwa mikono yangu, kuanzia skrubu ya kwanza hadi utepe wa usukani.

Kwa hiyo niliivua yote, isipokuwa bomba la tandiko, ambalo niliona halina sababu ya kuguswa kwa kuwa urefu wa miguu ya mtu mzima haubadiliki. Nilitoa beringi za ekseli ya pedali, na ninapofika hapo huwa natulia na kujikumbusha, kwa sababu upande wa kulia wa fremu za aina hii una hesi za kinyume: hufunguka kwa kuzungusha kuelekea kulia, na wengi wameharibu fremu nzuri kwa kutumia nguvu mahali palipohitaji kumbukumbu. Nilisafisha hesi zote kwa mswaki, nikapaka grisi, nikafunga beringi mpya. Nikaweka tairi za milimita 38, ambazo peke yake zimeiinua baiskeli milimita 5 kutoka ardhini na bado zimeacha nafasi ya tope kupita kando.

Magurudumu ndiyo yaliyonila muda. Kila moja lina spoki 32, zilizopishana mara tatu, na la nyuma nililifungua lote mara mbili baada ya kugundua kwamba nimeanza na tundu lisilo lake. Gurudumu la diski lina ugumu wake, kwani hata lile la mbele halina ulinganifu: upande wa diski spoki zimesimama zaidi na hubeba mvuto mkubwa kuliko upande wa pili, kwa hiyo mtu akiukaza kila upande sawasawa, rimu huhamia pembeni. Nilikuwa nikikaza robo mzunguko, kisha ninazibana spoki mbili mbili kwa viganja ili zikae mahali pake, kisha ninapima tena. Niliyafanya hayo usiku, watoto wakiwa wamelala, na ninaweza kusema bila haya kwamba sijawahi kufanya kitu kwa uangalifu zaidi.

Jumapili Mjomba alizigusa spoki hizo moja baada ya nyingine kwa ukucha, akasikiliza mlio wa kila moja, na hakusema neno. Mtu huyu ndiye aliyenifundisha kusikia tofauti ya spoki iliyolegea na iliyokazwa kabla sijajua kutumia kipimo chochote. Nilikuwa nimesimama nyuma yake kama mwanafunzi anayesubiri daftari lake lisahihishwe. Akamaliza gurudumu la mbele, akahamia la nyuma, akachutama, akashika pedali, na hapo ndipo lilipotoka swali lile.

Jumatatu nililichukua swali kama tusi. Umemjengea nani, yaani kazi hii si ya mtu ajuaye anachokitaka. Jumanne nililichukua kama sifa: huenda alidhani ni kazi ya kulipwa, ya mteja mwenye haki ya kudai. Jioni ya siku hiyo hiyo nikarudi kwenye tusi, kwa sababu ya ile "Aa". Mtu aliyevutiwa hauwekei usukani kiganja namna ile, kama mtu anayepima homa.

Tena ni usukani niliokuwa nimeufikiria kwa makini. Bomba la uma, lile linalopanda ndani ya kichwa cha fremu, ni la kaboni, na halina msamaha: ukishalikata umelikata. Nililizungushia utepe, nikachora mstari, nikalikata kwa msumeno wenye meno madogo huku nikililowesha maji, maana vumbi la kaboni si la kuvutwa kifuani. Niliacha ukingo wake milimita 3 chini ya mdomo wa shingo ya usukani, kile kipande kinachoushika usukani juu ya bomba hilo, jinsi inavyotakiwa, ili kifuniko cha juu kipate nafasi ya kuzibana beringi. Chini ya shingo nilibakiza pete moja tu ya kuinulia, ya milimita 5. Kipande kilichokatwa kina urefu wa milimita 30 na bado kiko mezani kwangu. Sikukisia hata kidogo; nilikuwa na vipimo vyangu vya enzi za mashindano katika daftari la kijani: sentimita 71 kutoka katikati ya ekseli ya pedali hadi juu ya tandiko, sentimita 52 kutoka ncha ya tandiko hadi katikati ya usukani, na usukani sentimita 6 chini ya tandiko.

Jumatano usiku nililitoa daftari lile kwa nia ya ubishi. Nilitaka kumpigia simu Mjomba nimsomee namba, nimwonyeshe kwamba baiskeli ni yangu kwa kila milimita. Nilifungua ukurasa wa vipimo, nikauweka chini ya taa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikautazama mwandiko badala ya kuzitazama namba. Ile saba ya kwenye 71 imekatwa mstari katikati. Mimi siandiki saba hivyo, wala sijawahi. Katika ukoo wetu anayeikata saba tumboni ni mtu mmoja tu.

Nikakumbuka siku yenyewe. Alinisimamisha ukutani bila viatu, akaniwekea kitabu kati ya mapaja, akapima kwenda juu kwa futi ya fundi cherehani. Kisha akaniweka juu ya baiskeli na kuushusha usukani kidogo kidogo, akiniuliza kila mara kama ninaweza kupumua, nami nikimjibu kwamba ninaweza, ushuke tena. Nilikuwa sijaolewa. Sikuwa nimebeba mimba yoyote, na mgongo wangu ulikuwa bado haujanifundisha hofu ambayo wasomaji wa zamani wa shajara hii wanaijua vizuri. Msichana yule aliweza kuinama sentimita 6 kwa muda wa saa moja, kisha akalala kwenye nyasi akicheka.

Mikono yangu ilikuwa ya baridi nilipompigia. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za watoto. Nikamwambia, "Mjomba, vile vipimo vya baiskeli ni vyako. Uliviandika wewe."

"Najua. Niliviona."

"Mbona hukuniambia?"

"Mwanangu, nilikuuliza."

Sikuwa na jibu. Yeye ndiye aliyeendelea, na sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeongea huku akivua viatu. Alisema aliponiona nimeshika usukani alimwona yule binti kabisa, na kwamba alipowekea kiganja pale alikuwa anahesabu vidole kutoka usawa wa tandiko, akakuta ni vile vile. Nikamwuliza, kwa kuwa nisingeweza kulala bila kuuliza, "Na magurudumu?" Akajibu, "Magurudumu sina neno."

Maneno hayo matatu nimeyarudia tangu juzi kuliko hata lile swali. Jana nilikosa kituo changu cha kushuka kwa ajili yake.

Basi nimeanza upya, safari hii nikiwa na mtu halisi akilini, mwenye watoto wawili na mgongo wake. Kile kipande cha milimita 30 hakirudi, lakini shingo ya usukani ina pande mbili. Yangu ina urefu wa milimita 100 na mwinamo wa nyuzi 6, na nilikuwa nimeifunga ikiangalia chini. Kwa kuigeuza tu iangalie juu, katika fremu ambayo kichwa chake kimelala nyuzi 72, usukani umepanda milimita 20 na kunisogelea kwa milimita 6 hivi. Haitoshi, kwa hiyo nitatafuta shingo fupi iliyoinuka zaidi, ingawa wapo watakaosema inaharibu sura ya baiskeli. Sura ya baiskeli huonekana na anayetazama. Mimi nitakuwa juu yake kutwa.

Giya nazo zilikuwa za yule binti. Mbele nilifunga meno 42 na nyuma kaseti, lile rundo la maduara ya meno, ambayo duara lake kubwa lina meno 32, maana yake ni kwamba katika mlima mkali kuliko yote mzunguko mmoja wa pedali ungenidai nisogee karibu mita 2.9. Nimeshusha la mbele hadi meno 38 na kuagiza kaseti ya nyuma inayofika meno 36, na sasa mzunguko mmoja utanisogeza mita 2.3. Ukiwa na mzigo, tofauti hiyo ndiyo humwezesha mtu kubaki juu ya tandiko. Mkono wa kubadilishia giya wa nyuma uliokuwepo hauwezi kufikia duara pana hivyo, lakini katika sanduku la vyuma vya zamani nimepata mmoja wa baiskeli ya milimani, wa giya 9, uliotengenezwa na Shimano, kampuni ya Kijapani ya vipuri vya baiskeli. Ule wa milimani wa giya 10 usingefaa, kwa kuwa Shimano walibadilisha kiasi cha waya unaovutwa. Wa giya 9 huelewana vizuri na vishikio vyangu vya kubadilishia giya, vya baiskeli ya barabarani ya giya 10. Nilijaribu jana usiku kwa mnyororo wa muda, na uliruka kutoka duara hadi duara bila kusitasita. Kasoro yake ni kwamba hauna kizuizi cha kuutuliza mnyororo kwenye mashimo, kwa hiyo nitaongeza kinga ndogo karibu na meno ya mbele.

Leo asubuhi niliipanda uani, nikazunguka mara moja kuupita mti. Niliweza kuinua kichwa na kuona mbele bila shingo kuuma. Mwanangu mkubwa alinitazama dirishani, akaniuliza kwa nini leo nimekaa kama mtu anayeongea na watu.

Lakini kuna jambo jipya linaloninyima raha. Usukani ulipopanda nilitaka kushusha tandiko milimita 4, kwa kuwa ninajisikia nikinyoosha goti kupita kiasi. Nikalegeza bolti, nikazungusha, halikusogea. Nikavuta, nikasukuma, nikamwita mume wangu, tukashika wote wawili. Bomba la tandiko ni la alumini, fremu ni ya chuma, na vimekaa pamoja tangu 2013 bila mtu kukumbuka kupaka grisi, kwa kuwa mimi ndiye niliyesema halina sababu ya kuguswa. Metali hizo mbili zikipata unyevu hushikana kama zimechomelewa. Nimeigeuza fremu miguu juu na kumimina mafuta ya kupenya kupitia tundu la ekseli ya pedali, nimeiegemeza ukutani hivyo hivyo, na tangu adhuhuri nimekwenda kuligusa mara nne.