Dakika thelathini za kusubiri kutapika

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akina mama wamejaa benchi zote za kituo cha afya hapa Katuba, Lubumbashi. Mvua zimeanza, kwa hiyo malaria imeanza. Kazi yangu ni uuguzi katika utafiti wa dawa unaodhaminiwa na chuo kikuu. Neno "chuo kikuu" linatuponza: watu wanadhani ni wanafunzi wanaokuja kujifunzia kwa watoto wao. Mdhamini, promotere kama tunavyosema huku, ndiye mwenye jukumu. Ndiye anayehakikisha kamati ya maadili imeikubali protokoli, yaani mpango wa utafiti, bima ya washiriki ipo, wakaguzi wanatumwa. Mtoto akilazwa au akifa, lazima aarifiwe ndani ya saa 24, hata kama chanzo ni gari barabarani. Pesa zinaweza kutoka kwingine, jukumu linabaki kwake.

Vyuo huuliza hasa maswali ambayo kiwanda cha dawa hakioni faida yake. Mwaka 2020 utafiti uliodhaminiwa na Chuo Kikuu cha Oxford ulionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na rahisi, inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa wa Covid waliowekwa kwenye mashine ya kupumulia. Nani angegharamia kuuliza hilo kwa dawa ya senti? Sisi tunalinganisha dawa mbili za malaria ambazo ziko tayari kwenye matibabu ya nchi: artemetha-lumefantrini, na artesuneti-amodiakwini. Dawa ya bandia, ile isiyotibu kitu, haimo, maana malaria inaua.

Saa moja: joto la chumba cha dawa lisizidi nyuzi 30, naandika saa na dakika. Halafu vipimo: joto la kwapani 37.5 au zaidi, uzito, tone la damu kwenye kioo. Mtu wa labo anahesabu vimelea kwa kila seli nyeupe 200 na kuzidisha kwa 40. Akipata 50, ni 2,000 kwa mikrolita, na hapo ndipo mtoto anaweza kuingia. Mwenye degedege au asiyeweza kunywa haingii kabisa, anakwenda hospitali kuchomwa artesuneti.

Saa tatu anafika baba mkubwa wa mtoto. Kisheria anayeridhia ni mzazi. Lakini mama ameshasema hatatia kidole chochote kabla shemeji hajasikia, na mimi nimeshamsomea kurasa nne kati ya sita za fomu ya ridhaa. Narudi ukurasa wa kwanza.

"Mama, kama dawa zote ni nzuri, munatafuta nini?"

Tunatafuta ipi inabaki nzuri hadi siku ya 28, ipi watoto wanaitapika.

"Na hii damu munaiuza wapi?"

Swali hili linakuja kila wiki, na kucheka ni kosa. Namwonyesha kioo, kisha karatasi ya kukaushia yenye duara tatu: ni matone ya kidoleni, yote pamoja hayafiki robo ya kijiko cha chai. Anataka kuchagua dawa. Hapana, baba, ni kura. Nikichagua mimi, watoto dhaifu nitawapa ile ninayoipenda, na mwisho wa utafiti tutakuwa tumepima huruma yangu. Bahasha ina namba, karatasi yake haipenyezi mwanga, haifunguliwi kabla ya ridhaa. Mkikataa? Mtoto anatibiwa hapa hapa leo, na kesho hakuna atakayewanunia. Anauliza tutalipa kiasi gani. Nauli tu. Hapo anatoka nje kumpigia kaka yake, hana vitengo vya simu, anarudi kuomba simu yangu. Kila kitu kimekula dakika sabini. Mama hasomi, kwa hiyo jirani asiye mtu wa utafiti amekaa kama shahidi tangu mwanzo. Mama anaweka kidole gumba, shahidi anasaini, kila mmoja tarehe yake.

Bahasha inasema artemetha-lumefantrini. Kilo 12, kidonge kimoja, kisagwe, na uji wenye karanga kwa sababu dawa hii bila mafuta haiingii mwilini vizuri. Halafu nakaa nikimtazama mtoto. Akitapika kabla ya dakika 30, narudia dozi nzima. Nikiinuka kwenda chooni, mwenzangu anakaa mahali pangu.

Mchana ni mahudhurio ya siku ya 7, 14, 21. Mmoja wa siku ya 14 amepewa kotrimoksazoli na duka la dawa kwa kikohozi, na dawa hiyo hugusa vimelea vya malaria pia, basi ukurasa mzima wa maelezo. Nimekosea tarehe. Mstari mmoja juu ya kosa, herufi za jina langu, tarehe. Rangi nyeupe ya kufutia ingemfanya mkaguzi akeshe nasi.

Baadaye umeme unakatika. Friji ya vitendanishi iko kwenye betri, na zile karatasi za damu hazihitaji friji, zinakauka zenyewe na kuingia mfukoni pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Vimelea vikionekana tena, vinasaba kwenye karatasi ndivyo vitakavyosema ni vile vya zamani au mbu mwingine ameuma. Vioo vinasomwa na watu wawili wasiojua mtoto alipata dawa gani. Mimi najua; wao hawaruhusiwi.

Halafu dozi ya pili, saa nane baada ya ile ya kwanza. Artesuneti-amodiakwini ni mara moja kwa siku, kwa hiyo bahasha ya asubuhi ndiyo iliyoamua kama miguu yangu itapumzika. Njia imejaa tope, anwani inasema "nyuma ya kinu". Vinu ni vitatu. Naupata mlango giza likiingia, mtoto amelala, baba mkubwa anamwamsha mwenyewe na kuangalia saa yake.

"Nusu saa, si ndiyo?"

Nusu saa, baba. Ananisogezea kiti.