Usiku wa Machungwa Horohoro

Mwezi wa Julai mwaka 2019 nilikuwa nimetimiza miaka sita katika udalali wa malori mjini Tanga, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kupeleka mzigo nje ya nchi. Kazi yangu ilikuwa ya humu humu ndani: saruji ya kwenda Moshi na Arusha, chokaa ya Amboni, katani ya kwenda Dar es Salaam, na mzigo wowote wa kurudi nao ili gari lisirudi tupu. Mwenye mzigo alinipigia simu, nami nikampigia mwenye gari, wakakubaliana nauli, nikapata changu. Ofisi yangu ilikuwa benchi chini ya mwarobaini, simu mbili na daftari lenye jalada gumu. Katika kazi hiyo dalali hodari ni yule ambaye gari likimharibikia saa nane za usiku, saa tisa ameshapata jingine. Mimi nilikuwa hodari, na ninaliandika hili bila kujisifu kwa sababu ndilo lililoniponza.

Mteja wangu wa kwanza wa ng'ambo ya mpaka alikuwa mama mmoja wa soko la Kongowea, Mombasa, ambaye kila msimu alikuja Muheza kununua machungwa na kuyasafirisha kwa malori ya kwao. Msimu ule malori ya kwao yalikuwa haba, akaletwa kwangu na kijana mmoja mpakiaji. Alikaa kwenye benchi, akanitazama vizuri, kisha akasema, "Mwanangu, nasikia unapata magari ya Arusha hata usiku. La Mombasa litakushinda?" Nikamjibu, "Halinishindi, mama." Moyoni nilikuwa nikipiga hesabu za njia tu: kutoka Tanga hadi Horohoro, mpakani na Kenya, ni kama kilomita 65 za lami safi, karibu kuliko Korogwe. Niliuona mpaka kama kituo kingine cha mizani, mahali pa kusimama kidogo na kuendelea na safari.

Jambo moja nililifanya sawasawa, nalo ni kumtafuta wakala wa forodha. Dalali wa malori hana ruhusa ya kuandikisha mzigo forodhani. Kazi hiyo ni ya wakala mwenye leseni ya Mamlaka ya Mapato, ambaye naye huwa na mwenzake upande wa Kenya anayempokelea. Niliyempata alikuwa mzee wa makamo, mpole wa kusema, mpenda kahawa chungu, na jioni nzima alinieleza kazi ile tukiwa barazani huku akivunja kashata vipande vidogo vidogo kama mtu anayegawa dawa. Machungwa yaliyolimwa Muheza, alisema, hayatozwi ushuru wa forodha Kenya, kwa kuwa bidhaa zenye asili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikwisha kuondolewa ushuru baina ya nchi wanachama; lakini msamaha huo haulifuati chungwa, unaifuata karatasi, yaani cheti cha uasili wa bidhaa. Shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 ina cheti chake rahisi. Mbali na cheti hicho, mnunuzi awe na kibali cha kuingiza mazao kutoka KEPHIS, mamlaka ya afya ya mimea ya Kenya, nasi upande wetu tuwe na cheti cha afya ya mimea baada ya mkaguzi kuyaona machungwa.

Hayo yote yalihusu mzigo, na niliyasikiliza kwa adabu nikijua kwamba ni kazi yake. Alipofika kwenye gari ndipo nilipopaswa kufungua daftari, nami sikulifungua. Gari linalovuka, alisema, liwe na bima ya kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, kwa sababu bima yetu ya kawaida inaishia mpakani. (Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini katika mpango wa kadi hiyo imo hadi leo, wengi hushangaa.) Dereva awe na pasipoti, na awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano ya kurudia nyumbani, na chanjo hiyo haitambuliwi mpaka zipite siku 10, kwa hiyo si kitu cha kukimbilia asubuhi ya safari. Kama dereva si mwenye gari, abebe barua ya mwenye gari na nakala ya kadi ya gari, na majina yafanane. Mwisho akaniuliza namba ya gari, nikamtajia, akaiandika kwa herufi kubwa na kuipigia mstari chini mara mbili. Mistari ile miwili ningeielewa siku tatu baadaye.

Gari nililokuwa nimelipata lilikuwa Fuso la ekseli mbili, la mzee mmoja wa Chumbageni, lenye dereva aliyekwisha kwenda Mombasa mara nyingi. Kadi ya njano ilikatwa kwa namba yake, hati ya forodha ikaingizwa kwenye mfumo kwa namba yake, na mkaguzi wa mimea naye akaambiwa namba hiyo hiyo. Jumamosi asubuhi, likiwa njiani kwenda Muheza kupakia, likakatika klachi pale Pongwe.

Nilifanya nilichozoea kukifanya. Kabla dereva hajamaliza kunieleza kilichotokea, nilikuwa nimeshapiga simu ya pili, na saa tano asubuhi Fuso jingine la ukubwa ule ule, jipya zaidi kuliko la kwanza, lilikuwa shambani Kicheba. Sikumpigia wakala. Wala haikunijia kwamba kuna jambo la kumpigia. Lori ni lori, na mzigo ulikuwa haujaguswa.

Upakiaji wa machungwa ya Muheza ni jambo la kutazama. Hayatiwi kwenye magunia. Bodi hutandikwa majani makavu chini na ubavuni, kisha machungwa huhesabiwa kwa mkono, matano matano, na mhesabuji huimba hesabu yake kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka ili mwenzake asimchanganye. Kila mia ikitimia, chungwa moja hutengwa pembeni kuwa shahidi. Mama wa Kongowea alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akihesabu mashahidi wake, na mtu hakuweza kumdanganya hata kwa chungwa moja. Mimi nilichunga uzito, maana sheria ya Jumuiya ya uzito wa magari ilikuwa imeanza kutumika kwetu Machi mwaka ule, na gari la ekseli mbili haliruhusiwi kuzidi tani 18, mzigo na gari pamoja. Uzito niliuweza. Tuliondoka jua likizama, turubai limefungwa vizuri, nami nimekaa kati ya dereva na utingo kama bwana harusi.

Tulifika Horohoro saa tatu za usiku. Wakala alikuwa akitusubiri kabla ya lango, na bahasha yake kwapani. Nilitelemka nikimpa pole ya kungoja, lakini hakunijibu, kwa sababu alikuwa amekwisha kwenda mbele ya gari na kuinama. Aliwasha tochi ya simu, akamulika kibao cha namba, akatoa karatasi, akaisoma, akamulika tena. Kisha akaniambia kwa upole ule ule wa barazani, "Bwana, hili siyo gari nililoliandikisha."

Nilimweleza habari ya klachi, tena kwa fahari kidogo, kama mtu anayetarajia kusifiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba namba kwenye hati ya forodha anaweza kuomba irekebishwe, hilo hufanyika. Lakini kadi ya njano haihamishwi kutoka gari moja kwenda jingine, ofisi za bima zimefungwa hadi Jumatatu, na cheti cha mimea nacho kina namba ya gari la kwanza. Akamgeukia dereva na kumwomba pasipoti. Dereva akanitazama mimi. Maskini hakuwa nayo, na hakuna aliyemuuliza. Alikuwa ameambiwa tu kwamba kuna mzigo wa kupeleka "huko Horohoro mbele kidogo".

Kituo cha Horohoro na Lungalunga ni cha huduma kwa pamoja: gari linalotoka Tanzania hukamilishiwa hati zote za nchi mbili upande wa Kenya. Wakala alinionyesha taa za ng'ambo na kusema kwamba nina bahati sijafika kule, kwani huku bado ningeweza kugeuza. Nikatembea pembeni, nikampigia mwenye gari la kwanza. Klachi ilikuwa imeshatengenezwa tangu alasiri. Aliniuliza kwa nini sikumpigia kumuuliza, swali ambalo sikuwa na jibu lake.

Gari la kwanza lilifika saa saba na nusu za usiku. Tulitafuta vibarua, tukayaegesha magari yote mawili ubavu kwa ubavu, tukaanza kufaulisha. Machungwa yaliyokwisha kuhesabiwa mara moja yalihesabiwa tena, maana mama hakukubali yavuke kwa kukadiria. Alisimama na khanga yake kichwani, tochi mkononi, akiitikia hesabu. Yaliyoanguka yalipasuka kwenye lami na harufu yake ikajaa mahali pote, na hadi leo nikimenya chungwa gizani hunijia usiku ule. Wakati mmoja mama alinikaribia, nikadhani anakuja kunifokea. Akanipa chungwa. "Kula, mwanangu," alisema, "hili nishalikata kwenye hesabu yako."

Asubuhi gari lilivuka, likapita Ukunda, likapanda kivuko cha Likoni, na jioni likashusha Kongowea. Nililipa vibarua, nikamlipa mwenye gari la pili safari yake ya Muheza hadi mpakani na pesa ya kulala, nikafidia yaliyopasuka. Udalali wangu wote ukaishia hapo na kidogo cha mfukoni kikaongezwa juu yake. Mwenye gari la pili alinidai pia gharama ya kufagia bodi, nikaona amezidi, lakini nilimlipa.

Jumanne nilinunua daftari jingine, la malori ya mpakani peke yake. Kila ukurasa una gari moja na dereva wake: namba ya gari, jina lililo kwenye kadi, siku bima inapokwisha, siku kadi ya njano inapokwisha, namba ya pasipoti, tarehe ya chanjo. Kurasa tatu za kwanza zilinichukua wiki mbili kuzijaza, kwa kuwa magari mengi niliyoyajua kwa rangi na mlio wa injini yalikuwa bado na majina ya watu waliokwisha kuyauza zamani.

Mwezi wa Agosti simu ya Mombasa ikaita. Mama hakuniuliza nauli wala siku ya kupakia. Baada ya salamu alisema tu, "Nisomee namba ya gari," nami nikafungua ukurasa wa pili nikamsomea, akawa anairudia polepole akiiandika, na aliponiomba ya gari la akiba nikamsomea na hiyo.