Ziwa lilipopinduka Oswego

Mtu aliyekulia Kigoma anajua kwamba upepo unaweza kupindua ziwa. Kusi likivuma wakati wa kiangazi, husukuma maji ya juu ya Tanganyika kuelekea kaskazini, na upande wa kusini, kule Mpulungu, maji baridi ya chini hupanda. Mwezi wa Septemba 2016 niliyaona mambo hayohayo Marekani, kwenye Ziwa Ontario, nje ya bandari ya Oswego, jimbo la New York.

Shemeji yangu, mzaliwa wa Baraka, mji wa Kongo kando ya Tanganyika, anayeishi Syracuse, alikuwa akifanya kazi na mzee mmoja mwenye boti ya kuvulia samoni. Kwa siku kadhaa upepo wa magharibi ulikuwa umerundika maji ya uvuguvugu upande wetu, na samoni wakabaki chini sana. Kisha ukageuka, ukavuma kutoka kusini, yaani nchi kavu. Usiku shemeji akanipigia simu: "Kesho vaa koti zito, shem. Ziwa limepinduka, tunatoka alfajiri."

Tulipoupita ukuta wa kuzuia mawimbi, mzee alitazama kipimajoto cha boti: nyuzi 12. Mapema wiki ile palepale palisoma 20. Chinook, samoni mkubwa kuliko wote, ambaye wavuvi wa huko humwita mfalme, hupenda maji ya nyuzi 10 hadi 13 hivi. Maji hayo yakiwa mita 30 chini, unamshushia chambo kwa waya na kipande kizito cha madini ya risasi. Yakisogea ufukweni, naye husogea. Na Septemba ana sababu nyingine ya kusogea: waliokomaa hukusanyika karibu na midomo ya mito, wakingoja mvua iongeze maji mtoni nayo yapoe, ndipo wapande kutaga na kufa.

Si samaki wa asili pale. Samoni wa asili wa Ontario walikwisha kabla ya karne ya 20, baada ya mito kuzibwa kwa mabwawa na misitu kukatwa. Hawa Chinook asili yao ni pwani ya Pasifiki. Walianza kupandikizwa mwishoni mwa miaka ya 1960 ili wawale alewife, samaki wadogo wageni waliokuwa wamelijaza ziwa na kufa kwa marundo fukweni. Hadi leo vifaranga hukuzwa kila mwaka kwenye kituo cha Altmar, kando ya Mto Salmon. Kazi hiyo naiheshimu sana.

Jua lilikuwa halijapanda vizuri fimbo ya kushoto ilipopinda. "Shika, shem, usimvute kwa nguvu! Mwache aende!" Akaenda kweli. Uzi ulitoka ukilia, nami nikabaki nimebana fimbo kiunoni, mikono ikitetemeka, mpaka mzee alipomwingiza kwenye wavu. Alikuwa jike, mgongo umeshageuka kahawia, fizi nyeusi tii. Kwa fizi hizo ndipo unapomtofautisha na coho, aina nyingine ya samoni.

Tulimpasua bandarini. Tumbo la chakula lilikuwa limesinyaa, halina hata mfupa. Mifuko miwili ya mayai ya rangi ya chungwa ilijaza nafasi yote, kila yai kama punje ya njegere. Amekwisha kuacha kula. Kile kijiko cha bati, chambo chetu cha bandia, alikivamia kwa hasira tu. Mzee akayachukua mayai kwa ajili ya chambo cha mtoni.

Shemeji alitaka kumkausha mzima kwa moshi, kichwa na ngozi, namna tunavyokausha mgebuka, samaki wa Tanganyika. Mzee akamzuia. Idara ya afya ya jimbo huonya juu ya samaki wa ziwa lile, hasa kwa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, kwa sababu ya kemikali za viwanda ambazo bado zimo majini, nazo hujikusanya kwenye mafuta. Iliniuma kusikia hivyo juu ya samaki anayeangaliwa tangu angali yai. Tukatoa ngozi, tukakata mafuta yote ya tumboni na mgongoni, tukaoka minofu. Ilikuwa imeshaanza kupauka. Watoto tuliwakaangia kuku.