Mwili una mwenyewe

Leo nawaza juu ya mteja wa jimu anayeitikia kila kitu. Anapangiwa siku 5 kwa wiki: "Sawa, mwalimu." Anakatazwa ugali wa usiku: "Sawa." Wiki ya tatu haonekani, na simu hapokei. Waalimu wa mazoezi wengi humwita mvivu. Mimi naona hakuulizwa.

Swali ninaloliamini kuliko yote ni hili: "Kati ya 0 na 10, una uhakika kiasi gani kwamba utaweza kuja mara 3 kwa wiki?" Akisema 5, usimuulize kwa nini si 10. Hapo ataanza kujitetea, na kila kikwazo atakachokitaja kitazidi kumwingia akilini. Muulize, "Mbona 5, si 2?" Sasa atatafuta sababu zake mwenyewe: anataka kumbeba mtoto bila mgongo kuuma, au ngazi za ofisini zinamtoa pumzi. Kisha: "Kitu gani kingeifikisha 7?" Mara nyingi jibu ni jepesi. Aanze saa 1 usiku badala ya saa 11 jioni, au aje siku 2. Mpe hizo 2. Shirika la Afya Duniani lenyewe linapendekeza mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi kwa wiki kwa mtu mzima, kwa hiyo hajapungukiwa. Maongezi ya namna hii yalitokana na kazi ya wanasaikolojia William Miller na Stephen Rollnick; Miller aliandika juu yake mwaka 1983, akizungumzia watu wenye tatizo la pombe, na jimu yanafaa vilevile.

Kumwachia mteja uamuzi si kumwambia "fanya unachotaka". Huko ni kumtelekeza, hasa mgeni asiyejua hata dambeli, vile vyuma vifupi vya kushika mkononi, zinakaa wapi. Mpe njia 2 au 3 zinazofika palepale. Kwa miguu: kuchuchumaa na dambeli kifuani, kukaa na kuinuka kwenye benchi, au kupanda kisanduku. Seti 3, yaani mizunguko 3, kila mmoja marudio 8 hadi 12, aache akihisi yamebaki 2 tu ndani yake. Hayo mawili anayajua yeye, wewe ukiwa pembeni unakisia.

Kugusa ndiko kunakoharibu mambo kimyakimya. Sema kwanza unataka kugusa wapi na kwa nini, ungoje jibu, na uulize tena siku nyingine. Mteja aliyenyamaza hajakubali. Na mara nyingi mkono hauhitajiki kabisa. Anayejifunza kuinama kwa nyonga mpe mpini wa ufagio aushike mgongoni kwa urefu, uguse sehemu 3: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa juu ya makalio. Sehemu moja ikiachana na mpini, anajua mwenyewe kwamba mgongo umejikunja, tena papo hapo.

Mzani nao si lazima. Uzito hupanda na kushuka kilo 1 au 2 kwa sababu ya maji, chumvi au hedhi, na asiyetaka kupimwa anaweza kutumia futi kamba usawa wa kitovu. Picha za kabla na baada ni taarifa zake binafsi. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa hizo tangu 2019, na Tanzania tangu 2022. Kumpunguzia ada ili akubali kupigwa picha ni kumbana.

Mwezi wa Ramadhani mfungaji asishawishiwe kula wala asifukuzwe. Kutembea polepole dakika 20 kabla ya futari, au vyuma saa moja na nusu baada yake, seti 2 badala ya 3, achague. Mwenye kisukari anayetumia dawa azungumze na daktari wake kabla mwezi haujaandama.

Kuna pahali sibembelezi. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, tunasimama na anatafutiwa huduma. Namba ya juu ya presha ikizidi 200, au namba ya chini ikizidi 110, akiwa amepumzika, hakuna vyuma siku hiyo. Anayetaka kupungua kilo 10 kwa mwezi namweleza waziwazi kwamba nusu kilo hadi kilo 1 kwa wiki ndiyo kasi salama. Akishikilia yake, ana haki hiyo, lakini ratiba ya kujinyima chakula mimi siiandiki.

Na akiamua kuacha, apewe daftari lake lenye uzito na marudio yote, na salio la ada kama mlivyoandikiana siku ya kwanza.