Upenu wangu na kibali chake

Nilitaka upenu ubavuni mwa nyumba, upande wa jikoni: nguzo nne, paa la bati, sakafu ya zege, basi. Fundi akaniambia kitu kisicho na kuta hakihitaji kibali. Nilimwamini kwa sababu jibu lile lilinifaa. Mbao zilikuwa zimeshaagizwa nilipoamua kwenda mwenyewe ofisi ya mipango miji na mchoro nilioupiga kwa rula.

Afisa hakuuliza habari za kuta. Aliuliza kuhusu paa. Je, limeshikana na nyumba au linajitegemea? Nikasema limeshikana. Hapo akanieleza kwamba upenu ukishika ukuta wa nyumba, unahesabiwa kuwa nyumba imeongezwa, na masharti yote ya nyumba yanaufuata: umbali wa kutoka mpakani, na sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kufunikwa. Kibanda kinachojitegemea kingekuwa na masharti yake.

Kiwanja changu ni mita 15 kwa 24, yaani mita za mraba 360. Masharti yetu yanaruhusu kufunika asilimia 45, ambayo ni 162. Nyumba na stoo vilishakula 144. Nilibakiwa na 18. Nikafurahi, maana nilipima nguzo hadi ukutani nikapata mita 3 kwa 6, sawasawa kabisa. Afisa akachukua penseli, akachora mstari nje ya nguzo zangu. Paa lilizipita nguzo kwa sentimita 60, na kinachohesabiwa ni paa. Kwa hiyo nilikuwa na mita za mraba 21.6. Tena, nguzo zilikuwa mita 1.5 kutoka mpakani, umbali ule ule wa chini unaotakiwa, lakini ncha ya bati ilikuwa imesogea hadi sentimita 90. Makosa mawili, chanzo kimoja.

Nilirudi nyumbani nikachora upya. Nguzo nikazirudisha ndani, mita 2.4 kutoka ukutani, na bati likatokeza sentimita 40 tu. Jumla mita za mraba 16.8. Nafasi ilipungua, ndiyo, lakini meza na viti vyangu vinaenea.

Jambo la maji ndilo lililonigusa zaidi, kwa sababu linamhusu mtu mwingine. Mvua ya milimita 20 juu ya paa kama hilo ni zaidi ya lita 330, na mteremko wote ulielekea kwa jirani. Nikaweka gata na bomba la kuteremsha maji hadi shimo la kokoto ndani ya kiwanja changu. Kabla ya kupeleka maombi nilimwonyesha jirani mchoro. Aliuangalia kwa muda mrefu, akauliza bomba linaishia wapi, nikampeleka hadi pale. Hakuweka pingamizi.

Kulikuwa pia na chemba ya maji taka ambayo sakafu ingeifunika. Niliambiwa mfuniko wake lazima ubaki ukifunguka, kwa hiyo zege limeuzunguka.

Kibali kilitoka na sharti moja: mkaguzi aone mashimo ya nguzo kabla ya kumwaga zege. Fundi aliona ni usumbufu. Mimi niliona ni sawa, kwani paa lisilo na kuta upepo huliinua kutoka chini, na kinacholizuia ni nguzo zilizofungwa vizuri kwenye msingi. Tulisubiri siku mbili.

Ukaguzi wa mwisho ulichukua dakika chache. Mkaguzi alipanda ngazi, akashusha timazi kutoka ukingo wa nje wa gata, akasubiri itulie, kisha akavuta futi hadi mpakani. Mita 1.58. Akaandika, akageuza ukurasa, akaenda kuangalia chemba.