Kupoza oili ya gia boksi otomatiki kwa gari linalovuta tela Kitonga

Tangu nianze kusafirisha mashine na pembejeo za shamba kutoka Dar es Salaam kwa Prado ya dizeli yenye gia otomatiki, kipande cha barabara ninachokifikiria kuliko vyote ni mlima Kitonga, pale unapoiacha Ruaha Mbuyuni na kuanza kupanda kuelekea Ilula na Iringa. Injini hainitii wasiwasi hapo, kwa kuwa sindano ya joto la maji hutulia mahali pake. Kinachopata taabu ni oili ya gia boksi, na dashibodi haisemi lolote kuhusu hali yake mpaka taa ya onyo iwake, wakati ambapo oili imekwisha kuungua.

Kabla ya kununua kifaa chochote, inafaa kuelewa joto hilo linatoka wapi. Katika gia boksi otomatiki nguvu ya injini hupitia kwenye konveta, ambamo pangaboi moja husukuma oili, nayo oili huzungusha pangaboi la pili bila vyuma kugusana. Gari likiwa na mwendo wa kutosha, klachi iliyo ndani ya konveta hufunga, pande zote mbili huzunguka pamoja na joto huwa dogo. Kitonga mwendo huo haupatikani. Mbele yako kuna lori lililosheheni mzigo wa Tunduma, linapanda polepole kwenye kona, kulipita ni kuhatarisha maisha ya watu, nawe umekanyaga mafuta ili tela la tani moja na nusu lisikuelemee. Klachi haifungi, pangaboi la kwanza linalizidi mwendo la pili, na tofauti hiyo yote inageuka joto ndani ya oili, wakati huohuo upepo unaoingia kwenye grili ya mbele ni mdogo mno. Ndiyo sababu tela hilohilo hupita tambarare ya Mikumi bila tatizo.

Oili ya gia otomatiki hufanya kazi vizuri katika nyuzi 80 hadi 95 hivi za Selsiasi. Ikivuka 120 huharibika haraka, huacha utando wa kahawia kwenye vali ndogo zinazoamua gia ibadilike lini, na mafundi wa gia boksi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa karibu nusu. Ikikaribia 150, mipira inayozuia oili isivuje hukakamaa na sahani za klachi zilizo ndani ya gia boksi huanza kuungua. Mimi husoma joto hilo kwenye simu, kupitia kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, na ningemshauri kila mwenye tela aanze na kifaa hicho, kwa sababu bila namba huwezi kujua kama ulichofunga kimesaidia.

Kwa kawaida oili hupozwa kwenye kipoza kidogo kilichozamishwa ndani ya tangi la rejeta. Maji ya injini yenyewe yana nyuzi karibu 90, kwa hiyo oili haiwezi kushuka sana chini ya hapo, na mlimani kipoza hicho huzidiwa. Kipoza cha ziada kinachopozwa kwa hewa ndicho dawa. Kile cha mrija mmoja uliopindwapindwa ni rahisi kwa bei, lakini kile cha sahani zilizopangwa kwa tabaka hutoa joto jingi zaidi kwa ukubwa uleule, nami sioni sababu ya kubana matumizi hapo. Kifungwe mbele ya kondensa ya AC, ile rejeta ndogo ya kiyoyozi, mahali ambapo feni ya injini huvuta hewa hata gari likitambaa. Kikikosa nafasi hiyo na kuwekwa pembeni, basi kiwe na feni yake ya umeme.

Mpangilio wa mirija ndio ambao mafundi wengi huuharakisha. Oili itoke kwenye gia boksi, ipite kwanza kwenye rejeta, kisha iingie kwenye kipoza kipya, ndipo irudi. Hivyo rejeta huondoa joto kubwa la mwanzo, na asubuhi za baridi kule juu hupasha oili mapema, kisha hewa humalizia. Mrija wa mpira uwe ule uliotengenezwa kwa oili ya gia boksi; mpira wa mafuta ya gari hulainika kwa joto na siku moja utachomoka katikati ya mlima. Ukataeni pia ule mtindo wa kupitisha pini za plastiki katikati ya mapezi ya kondensa ili kushikilia kipoza, kwa sababu mtikisiko wa barabara huzisugua mpaka kondensa inatoboka. Vibao vya chuma vilivyofungwa kwa bolti kwenye fremu ya mbele huchukua saa moja zaidi ya fundi, na hukaa miaka.

Baada ya kufunga, kiwango cha oili kipimwe upya, kwa kuwa kipoza na mirija yake vimemeza kiasi fulani. Gia boksi nyingi za sasa hazina kijiti cha kupimia. Hupimwa kwa tundu la kumwagia ziada, oili ikiwa kwenye joto lililotajwa na mtengenezaji, injini ikinguruma.

Kwenye gari langu namba zilizokuwa zikipita 115 pale Kitonga sasa hazifiki 100, nikipanda kwa gia ya chini niliyoichagua mwenyewe badala ya kuiacha gia boksi ipapase ikitafuta gia. Jambo lililobaki lilikuwa rejeta yenyewe, ambayo ilikuwa ya zamani. Kipoza cha ndani kikitoboka, maji ya rejeta huingia kwenye oili na kubandua gundi ya sahani za klachi, na gia boksi nzima hufa hata kama kipoza cha nje ni kipya, kwa hiyo niliibadilisha rejeta hiyo wakati huohuo mirija ikiwa bado imefunguliwa.