Kumpata jaji asiyesifia: tulivyoandaa shindano la mvinyo wa nyumbani Dodoma

Ukikaribishwa glasi ya mvinyo hapa Dodoma, mvinyo ambao mwenye nyumba kausindika mwenyewe, jibu linajulikana kabla hujaonja: "Mzuri, hongera sana." Unalisema hata kama koo limekukwaruza. Sina ugomvi na adabu hiyo, nimelelewa nayo. Lakini tulipoamua kuandaa shindano la mvinyo wa nyumbani, adabu hiyohiyo ilitusumbua kuliko fedha, barua za ruhusa na viti vya kukodi vikijumlishwa pamoja.

Nina shamba dogo la zabibu Mpunguzi, nililoachiwa na baba. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, na kila msimu kuna zinazobaki: vishada vidogo ambavyo mnunuzi havitaki, zilizoiva kupita kiasi, au mwaka ambao bei imeshuka mpaka ukipiga hesabu ya vibarua na usafiri unaona bora zikae nyumbani. Hizo ndizo zinazoishia kwenye madumu. Tuko wengi wa namna hiyo, Mpunguzi, Miyuji, Hombolo, na tulikuwa tayari tunachanga kununua chupa na vizibo kwa pamoja. Ubishi wa nani anatengeneza mzuri zaidi ulikuwepo siku zote. Shindano lilikuwa njia ya kuumaliza, au angalau kuuandika.

Hatukuanza kwa kubuni. Marekani wana mashindano ya aina hii tangu 1979, mwaka mmoja baada ya chama chao cha watengeneza bia wa nyumbani kuanzishwa huko Boulder, Colorado, na mengi huendeshwa na vikundi vidogo vya mitaani kama chetu. Majaji wao hupimwa na shirika liitwalo BJCP, lililoanza 1985. Nilipata fomu zao. Kila kinywaji kinapewa alama kwa jumla ya 50. Kwa bia, harufu ina 12, mwonekano 3, ladha 20, namna kinavyokaa mdomoni 5, na 10 zilizobaki ni za maoni ya jumla. Mvinyo wa asali una fomu yake: harufu 10, mwonekano 6, ladha 24, jumla 10. Hii ya pili ndiyo tuliyoichukua, kwa sababu inakaribia mvinyo wa zabibu, na mvinyo mwekundu wa Makutupora ukiwa na ukungu kwenye glasi unastahili kukatwa zaidi ya alama tatu.

Jambo moja lilinichekesha. Hata Wamarekani, pamoja na ukali wao wa kuandika kila kasoro, wana desturi ya kutoshuka chini ya 13 hata kinywaji kikiwa hakinyweki. Kumbe adabu haiko kwetu tu, ila wenzetu wameiwekea kiwango.

Tulifanya jaribio uani kwangu, majaji wakiwa wanachama wenyewe. Fomu zilirudi zimejaa "nzuri", "nzuri sana", "inafaa", na moja imeandikwa "Mungu ambariki mtengenezaji". Alama zote zilikuwa arobaini na kitu. Chupa mojawapo nilikuwa nimeitia siki makusudi.

Hapo niligundua kwamba watu hawakuwa wanaogopa tu. Wengine hawakuwa na maneno. Mtu anajua mvinyo huu una kasoro lakini hawezi kusema kasoro gani, na kwa kuwa hawezi kuitaja, anaona afadhali asifie. Kwa hiyo tulichofanya kwanza ni darasa la kasoro. Tuliuchukua mvinyo mmoja wa kawaida tukaugawa kwenye chupa kadhaa. Ya kwanza ikatiwa kijiko cha siki. Ya pili ikaachwa wazi siku kadhaa mpaka ikabadilika rangi na kunuka kama tofaa lililokatwa likasahaulika mezani. Nyingine ikaongezwa chai ya rangi iliyokolea sana, ili watu wajue ule ukakasi unaokausha ulimi unatoka wapi na unaitwaje. Kwa harufu ya kuchachuka vibaya tuliweka pamba yenye dawa ya kufutia rangi ya kucha ndani ya glasi iliyofunikwa, ya kunusa tu, wala haikukaribia mdomo wa mtu. Na yai viza, kwa kweli, hilo hatukuhitaji kulitafuta mbali.

Majaji tuliwapata nje ya kikundi. Mmoja ni muuguzi, mwenye pua ambayo sijaona mfano wake. Mwingine ni mwalimu mstaafu, mwingine aliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha mvinyo, na wa nne ni mama anayepika pombe ya mtama tangu ujana wake. Huyu wa mwisho watu walimdharau kidogo mwanzoni, eti mvinyo si fani yake. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kutofautisha uchachu wa zabibu mbichi na uchachu wa siki, bila kusita.

Kisha tukaibadili fomu. Nafasi ya "maoni" tuliifuta kabisa. Badala yake tukaweka maswali mawili: "Unanusa na kuonja nini?" na "Mtengenezaji abadilishe nini msimu ujao?" Swali la pili ndilo lililofungua mikono. Kumwambia mtu kazi yake mbaya ni kumkosea, kumshauri ni kumsaidia, na Mtanzania hawezi kuulizwa ushauri akanyamaza. Kila jaji aliandika kimya, bila kunong'ona na mwenzake, ndipo alama zikalinganishwa. Zikipishana zaidi ya saba, kanuni tuliyoitoa kwa hao hao BJCP, wanaonja tena na kujadiliana mpaka wakaribiane.

Ndoo ya kutemea nayo ilileta maneno. Mwalimu mstaafu alikataa katakata: kutema kinywaji cha mtu mbele ya watu, yeye hawezi. Lakini jaji akimeza kila anachoonja, chupa ya nane anaipa alama za furaha. Tukawanunulia vikombe vya plastiki vyenye mifuniko, kila mtu na chake, akigeuka pembeni hakuna anayeona. Yakaisha.

Mambo mengine yalikuwa mepesi. Tulimwona mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata. Swali lao kubwa lilikuwa kama tutauza. Hatukuuza hata glasi moja, kwa sababu kuuza pombe kunataka leseni. Na chochote cha kukeneka hatukupokea, gongo ni gongo hata ukiiweka kwenye chupa nzuri. Tarehe ilikuwa na hesabu yake. Wapo waliotaka wakati wa Nanenane, pale Nzuguni pakiwa pamejaa watu. Mimi nilisimamia Julai. Ni baridi, chupa hazichemki, mvinyo wa zabibu za Machi umeshatulia, na kubwa zaidi, mtu anapata fomu yake wiki chache kabla ya kuvuna tena. Ushauri ukimfikia Oktoba, madumu yakiwa yameshajaa, haumsaidii kitu.

Kila mshiriki alileta chupa mbili, moja ya meza ya kwanza na moja ya kutafuta mshindi wa jumla, tukazizungushia karatasi za kaki na kuzipa namba. Orodha ya majina alikaa nayo mtu mmoja ambaye hakuingia kwenye chumba cha majaji. Waliotoka Kondoa, Mpwapwa na Manyoni tuliwaomba chupa zifike wiki moja kabla, maana mvinyo uliorushwarushwa kwenye basi mashapo yote yanapanda juu, na jaji ataukata alama za mwonekano bila kosa la mwenyewe.

Pia tulidai karatasi ya safari ya mvinyo: zabibu au asali imetoka wapi, ilikamuliwa lini, hamira gani, na vipimo vya mwanzo na mwisho vya haidromita, kile kifaa kinachoonyesha sukari iliyomo. Juisi iliyoanza 1.090 ikashuka hadi 0.995 imefika kama asilimia 12 ya kilevi na imemaliza kazi. Nia yetu ilikuwa kumzuia mjanja asimimine mvinyo wa dukani kwenye chupa yake, na ndiyo maana zawadi hazikuwa fedha bali haidromita, hamira ya mvinyo na dumu jipya. Karatasi hiyo ikatufaa kwa jingine. Chupa moja ya mvinyo wa asali kutoka Manyoni ilipasuka stoo usiku, ikalowanisha jirani zake. Tulipoangalia, mtengenezaji alikuwa amefunga kizibo kipimo kikiwa bado 1.020. Sukari ilikuwepo, chachu ilikuwa hai, gesi haikuwa na pa kwenda. Chupa ya pili tuliifungulia nje, kwa taulo. Alipata fomu yake kama wengine.

Siku yenyewe majaji walianza saa tatu asubuhi, kabla ulimi haujachoka. Manukato yalipigwa marufuku, na mkaa wa nyama choma haukuwashwa mpaka fomu ya mwisho ikusanywe, jambo lililonipatia maadui. Kati ya chupa na chupa ni maji na mkate mkavu tu.

Zawadi hatukuzitoa kwa kufuatana. Tuliweka madaraja: kuanzia 38 ni daraja la kwanza, 30 hadi 37 la pili, 21 hadi 29 la tatu. Kwenye zabibu nyekundu na kwenye rozela tulipata wa daraja la kwanza. Kwenye nyeupe hakuna aliyefika. Aliyeongoza alikuwa na 33, na alipotangazwa kuwa ni daraja la pili, na kwamba la kwanza halina mtu, akasimama. Ni mzee wa hapohapo Mpunguzi, anayeheshimika, na mvinyo wake mweupe wa zabibu za Chenin Blanc wote tumeunywa.

"Mbukwenyi," akasalimu kwanza, watu wakaitikia. "Nimeambiwa nimewapita wote. Halafu nimeambiwa mimi ni wa pili. Mbele yangu kuna nani? Upepo?"

Watu walicheka, na mimi nilianza kutafuta maneno ya kumtuliza. Muuguzi akaniwahi, fomu mkononi.

"Shikamoo baba. Rangi yako nzuri, na ladha imesimama. Lakini kuna harufu ya yai viza. Si kali, ila ipo. Salfa ulipuliza lini?"

Mzee akafikiri. "Ilibaki kama wiki tuvune. Ubwiri unga ulikuwa umeingia."

"Basi ndiyo hiyo, baba. Salfa ikibaki kwenye maganda, chachu inaigeuza kuwa gesi yenye harufu hiyo. Msimu huu maliza kupuliza mapema zaidi kabla ya kuvuna, na ukisikia harufu siku za mwanzo, hamisha mvinyo kwenye dumu jingine, uumimine kwa kishindo upate hewa."

Nusu ya waliokaa pale walikuwa wanaangalia viatu vyao, kwa kuwa tunapuliza wote hivyohivyo. Mzee akatugeukia sisi, siyo majaji.

"Sasa hilo si mngeniambia miaka yote mnayokunywa kwangu?"

Hakuna aliyejibu. Mimi ni mmoja wa waliokunywa.

Pombe ya mtama ilibidi tuiwekee utaratibu wake, na hapa fomu ya kigeni haikutusaidia sana. Haingoji wiki stoo wala haifungwi kizibo. Inaendelea kuchachuka ukiwa unainywa, ya jana tamu, ya leo kali, ya kesho imepita. Mama jaji ndiye aliyetoa jibu: siku na saa ya kuonja itangazwe mapema, na kila mpishi ahesabu mwenyewe nyuma, lini aloweke mtama wa kimea, lini auanike, lini apike, ili chombo chake kifike kimeiva saa ileile. Kulenga saa ni sehemu ya ufundi, alisema, na apewe alama mtu aliyelenga. Tukaongeza alama tano za "wakati". Wengine waliona ni nyingi. Mimi naona ni chache.

Lililobaki ni suala la sahihi za majaji. Fomu za mwaka huu zilikuwa na namba ya meza tu, bila jina la jaji. Wazee wa kikundi walisema mji ni mdogo, watu watanuniana sokoni Majengo. Nilipinga nikashindwa kura. Baada ya shindano, mtu wa kwanza kuja kuuliza majina ya majaji alikuwa yule mzee wa Chenin Blanc. Alitaka kujua jaji wa kiwanda ni yupi, amuulize kuhusu hamira. Tumekaa tena kikao: Julai ijayo kila jaji ataandika jina lake na namba ya simu chini ya fomu. Muuguzi amekubali, mama wa pombe ya mtama amekubali, mwalimu mstaafu amesema bado anatafakari.